Mama Alisema Hamsini

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza, Elida alikuwa tayari na ndoo na kitambaa. Kazi yake ilikuwa kufuta vioo vya basi. Mama yake, Honorata, alipima oili na maji, akazunguka gari lote akitazama kama kuna taa iliyokufa au boliti iliyolegea. Baada ya hapo walikunywa chai haraka haraka jikoni, huku wamesimama, wakatoka.

Basi lenyewe lilikuwa dogo, la njano, mali ya shule moja ya msingi iliyoko Ujiji. Honorata alikuwa ameshika usukani wake mwaka wa sita sasa, na lililala uani kwao Katubuka. Asubuhi walianzia Kibirizi, wakachukua watoto wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Wakitoka hapo walikatiza mjini, wakashuka Bangwe, halafu wakashika njia ya Ujiji. Elida alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alikaa kiti cha mbele, kushoto, amefunga mkanda, na daftari la majina magotini. Kila mtoto aliyepanda alimwekea alama.

Wazazi wengi walimpenda Honorata kwa sababu hakuwa na papara. Madereva wengine wakimpigia honi wampite, aliwapisha. "Hamsini inanitosha," alizoea kusema. "Nimebeba watoto wa watu, sikubeba magunia ya dagaa."

Jumatatu moja ya mwezi wa pili mambo yalianza vizuri kama siku zote. Kibirizi, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinyoosha mkono. "Mwakeye, Mama Elida!" Honorata akaitikia kwa Kiha, akacheka. Bangwe akapanda Zaitun, rafiki mkubwa wa Elida, akakaa mahali pake pa kila siku, nyuma ya kiti cha dereva. Zaitun alipenda kuchungulia mbele juu ya bega la Honorata, kana kwamba yeye ndiye anayeendesha.

Walikuwa wameshaingia njia ya Ujiji, kwenye mteremko ulionyooka, Elida alipotupa jicho kwenye dashibodi. Mshale wa spidi ulikuwa umekaribia kabisa sitini. Elida alishangaa. Alimtazama mama yake usoni. Honorata alikuwa ametulia, mikono yote miwili kwenye usukani, kama mtu ambaye hana haraka yoyote. Elida akatazama tena. Sitini, au pungufu kidogo tu.

"Labda tumechelewa," alijiambia, ingawa hawakuwa wamechelewa.

Kufumba na kufumbua, askari wa trafiki alitokea pembeni ya barabara akanyoosha mkono. Honorata akawasha indiketa, akasimama taratibu.

"Habari za asubuhi, mama," askari alisema. Mkononi alishika kile chombo cha kupimia mwendo ambacho madereva hukiita tochi. "Hapa mwisho ni hamsini. Wewe umekuja na hamsini na sita."

"Hapana, afande. Nilikuwa hamsini. Nimeutazama mshale mwenyewe."

"Njoo uone."

Honorata alitazama kioo kidogo cha tochi. Namba ilikuwa pale, hamsini na sita, wala haikuhitaji kubishaniwa. Askari akaandika notisi ya faini, akamkabidhi kwa heshima, akasema, "Una watoto humo ndani, mama. Punguza." Watoto wote walikuwa wamenyoosha shingo kama bata.

Habari ile ilifika kwa wazazi kabla ya saa nne. Saa sita Mwalimu Mkuu, Mwalimu Hamdani, aliwaita ofisini Honorata, Zaitun na Elida. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyozoea kuteremka puani, lakini siku hiyo hakuwa na tabasamu.

"Mama Elida, unaijua kanuni ya shule," alisema. "Dereva akikamatwa kwa mwendo kasi akiwa na wanafunzi, anaweka funguo mezani. Ijumaa Mzee Selestini atakuja kuamua." Mzee Selestini ndiye aliyekuwa mwenye shule. "Kabla ya hapo nataka kusikia. Ulikuwa mwendo gani?"

"Hamsini, Mwalimu."

"Zaitun, wewe hukaa nyuma yake. Uliona nini?"

"Hamsini, Mwalimu," Zaitun alijibu bila kusita. "Nilichungulia. Mshale ulikuwa kwenye kale kamstari kadogo, kati ya arobaini na sitini."

"Na wewe, Elida?"

Elida aliuona mshale kwa macho yake mawili, tena mara mbili. Lakini mama yake hakuwahi kumdanganya, hata kwa jambo dogo. Zaitun naye, kwa nini aseme uongo? Tena tochi ilikuwa imesema namba nyingine kabisa, ambayo si ya mama wala si yake. Aliyageuza yote kichwani, hayakukaa sawa. Aliitazama sakafu.

"Sikuangalia, Mwalimu," alisema.

Honorata akaweka funguo mezani.

Nje, Zaitun alimshika Elida mkono. "Mbona umesema hukuangalia? Mimi nilikuona ukiangalia."

"Na wewe mbona umesema hamsini?" Elida alimjibu kwa hasira. "Ilikuwa karibu sitini!"

"Sitini? Unaniita mimi mwongo?"

"Sijakuita mwongo. Nasema nilichoona."

"Ungekisema mle ndani, basi," Zaitun alisema, akaondoka bila kugeuka.

Jioni ile mama na mwana walirudi Katubuka kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu, na waliopita walimuuliza Honorata basi liko wapi. Aliwajibu kwa upole, "Limepumzika kidogo." Nyumbani alisonga ugali wa muhogo, akaunga samaki aina ya migebuka kwa mawese, akampakulia Elida. Yeye mwenyewe alikata tonge moja akalishika mkononi bila kulila.

"Najiuliza," alisema baadaye, kama anayezungumza peke yake. "Pengine macho yangu yameanza kuniacha. Miaka yote hii naona hamsini, kumbe labda naona vitu visivyokuwepo. Mtu wa namna hiyo afanye nini na watoto wa wenzake?"

Maneno yale yalimchoma Elida kuliko kelele zozote. Mama yake hakumlaumu askari. Hakumlaumu Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe.

"Mama, nilidanganya," Elida alisema. "Nilikuwa nimeangalia. Niliona mshale karibu na sitini."

Honorata aliliweka tonge sahanini. "Sitini?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na wewe unaona mama yako ni mwongo."

"Sijui, Mama!" Machozi yalianza kumtoka. "Sijui kabisa. Wewe unasema hamsini, nami nakuamini. Zaitun anasema hamsini. Lakini mimi niliona sitini, na sikuota. Sasa nashindwa kuelewa nani yuko sahihi."

Honorata alimfuta mwanawe machozi kwa upindo wa kitenge. "Kesho utamwambia Mwalimu Mkuu kama ulivyoniambia mimi."

"Watakufukuza kazi!"

"Kazi hii niliipata kwa kuendesha gari, Elida. Sikuipata kwa sababu mwanangu anajua kuficha maneno. Utasema ulichoona. Yatakayokuja, tutayapokea."

Asubuhi ya Jumanne Elida alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Hamdani, mama yake pembeni. Alisema yote, hata lile neno la kwamba alidanganya. Mwalimu Hamdani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umefanya vibaya jana na vizuri leo," alisema. "Lakini mwanangu, umezidi kunichanganya. Sasa nina namba tatu kwa gari moja, dakika ile ile moja."

Pembeni mwa ofisi Mwalimu Ummy, wa hisabati, alikuwa akisahihisha madaftari. Aliposikia hivyo aliinua kichwa, akaweka kalamu chini.

"Zitaje, Mwalimu," aliomba.

"Dereva na Zaitun wanasema hamsini. Askari hamsini na sita. Elida karibu sitini."

"Jambo la ajabu," Mwalimu Ummy alisema polepole. "Mtoto anayetaka kumwokoa mama yake hasemi sitini. Na mtoto anayetunga uongo angechukua namba ya askari, iliyokwisha kuandikwa. Huyu hana faida yoyote na namba yake. Naomba hizo funguo. Na Zaitun aitwe."

Basi lilikuwa limeegeshwa kando ya jiko la shule. Mwalimu Ummy alimkalisha Zaitun nyuma ya kiti cha dereva na Elida kushoto, kama kawaida yao. Honorata aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za dashibodi ziliwaka, na mshale wa mafuta ukapanda, ukasimama.

"Mshale wa spidi hauwezi kusogea gari likiwa limesimama," Mwalimu Ummy alisema. "Tutumie ule wa mafuta. Uko kwenye kioo hicho hicho. Zaitun, mafuta yamefika wapi?"

"Nusu, Mwalimu."

"Elida?"

"Yamepita nusu. Yamepita kabisa."

Wasichana wawili wakatazamana kwa hasira. Mwalimu Ummy alicheka. "Badilishaneni viti."

Elida alihamia nyuma ya mama yake, akachungulia juu ya bega. Akafumba macho, akafumbua. Mshale ulikuwa nusu, umenyooka kwenye mstari. Kutoka kiti cha kushoto Zaitun alipiga kelele, "He! Umepita nusu! Nani ameusogeza?"

"Hakuna aliyegusa," Honorata alisema. Naye alionekana kushangaa.

Mwalimu Ummy alimpa Elida penseli. "Isimamishe mbele ya uso wako, umbali wa mkono. Fumba jicho moja. Sasa iko mbele ya kitu gani pale ukutani?"

"Mbele ya mlango wa jiko."

"Sogeza kichwa kushoto, usisogeze mkono."

Penseli ilionekana kuhama mlango, ikaenda kulia mpaka dirishani. Elida alirudisha kichwa, na penseli ikarudi mlangoni.

"Mshale nao haujabandikwa kwenye namba," mwalimu alieleza. "Umesimama mbele yake, na katikati pana nafasi. Katika basi hili nafasi hiyo ni kubwa. Anayekaa sawa na mshale anauona mahali pake. Anayekaa kushoto anauona umesogea kulia, yaani kwenye namba kubwa zaidi. Isitoshe, tazameni sura ya dashibodi yenyewe. Jua limezififisha namba, kioo kimechubuka, na hamsini haikuandikwa. Ni kamstari tu. Elida, hukudanganywa na mama yako, na macho yako ni mazima. Ulikaa upande."

Elida hakujua acheke au alie. Zaitun alimgusa begani. "Samahani," alisema. "Hata mimi ningesema sitini ningekaa pale."

"Mimi ndiye wa kuomba samahani," Elida alijibu.

Honorata alikuwa ameshusha pumzi ndefu. "Basi imekwisha," alisema kwa furaha. "Mimi nilikaa sawa, niliona hamsini, na ilikuwa hamsini. Tochi ya yule afande ni mbovu."

"Bado, Mama Elida," Mwalimu Ummy alisema. "Tumejua kwamba uliusoma mshale vizuri. Hatujajua kama mshale wenyewe ni mkweli."

Elida aliyekuwa ameanza kuona mwanga alirudi gizani. Mshale usomwe vizuri, halafu usiwe mkweli? Basi mtu ashike nini? Usiku ule alilala akiziona namba zikimzunguka kama nzi juu ya dagaa wabichi.

Jumatano, baada ya masomo, Mwalimu Hamdani mwenyewe alipanda basi. Walitoka nje ya mji kwa barabara ya lami inayokwenda Kasulu, mahali ambapo nyumba zimeisha na njia imenyooka, na pembeni pamesimamishwa mawe ya kilomita. Mwalimu Ummy alishika simu yake yenye saa ya kuhesabu sekunde. Elida na Zaitun walipewa kazi ya kupiga kelele "Sasa!" kila jiwe linapofika usawa wa mlango.

"Saa moja ina sekunde elfu tatu na mia sita," Mwalimu Ummy alisema. "Gari likienda kilomita hamsini kwa saa, kila kilomita itachukua sekunde ngapi?"

Elida aligawanya kwenye kiganja kwa kalamu. "Sabini na mbili."

"Vizuri. Mama Elida, weka mshale hamsini, usiongeze wala usipunguze."

Jiwe la kwanza likafika. "Sasa!" Elida aliona migomba ikipita, akaona mwanamke mwenye kuni, akaona watoto wakipunga mikono. Jiwe la pili likafika. "Sasa!"

"Sitini na nne," mwalimu alisoma.

"Pengine tumepiga kelele mapema," Zaitun alisema.

"Pengine. Ndiyo maana hatupimi mara moja."

Waligeuza, wakarudia. Sitini na tano. Wakarudia tena. Sitini na nne. Mwalimu Ummy aliandika hesabu kwenye daftari la Elida la majina, elfu tatu na mia sita gawanya kwa sitini na nne, akamwachia Elida amalizie. Elida aligawanya, akafuta, akagawanya upya. Jibu halikubadilika.

"Hamsini na sita na robo," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ilikuwa namba ya askari. Mshale ulisema hamsini, barabara ilisema hamsini na sita.

"Sasa Elida ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko sisi!" Zaitun alisema.

"Kwa bahati tu," Mwalimu Ummy alimjibu. "Aliona kubwa kwa sababu ya kiti, na gari lilikuwa linakimbia zaidi kwa sababu nyingine tusiyoijua. Makosa mawili yameelekea upande mmoja."

Honorata alisimamisha basi kando ya barabara, akalaza paji la uso kwenye usukani. Elida alidhani mama yake atafurahi kwamba hakudanganya. Lakini Honorata alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwakimbiza watoto hawa tangu shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza," alisema. "Nilikuwa nafika mapema kabla ya kengele, nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa hodari. Kumbe nilitakiwa nijiulize kuwahi huko kunatoka wapi."

"Hukujua, Mama Elida," Mwalimu Hamdani alimwambia.

"Sikujua, Mwalimu. Lakini mtoto angekatiza barabara, asingeulizwa kama mimi nilijua."

Alhamisi walilipeleka basi gereji, kwa Fundi Kassimu. Walitarajia afungue dashibodi. Fundi Kassimu hakufungua chochote. Alizunguka gari mara moja, akachuchumaa, akapapasa tairi la mbele.

"Matairi haya yameletwa lini?"

"Likizo ya Desemba," Honorata alisema. "Mzee Selestini aliona njia ya Bangwe ina mashimo, gari linagonga chini. Akaleta makubwa ili liinuke."

Fundi alitikisa kichwa. Alilitoa tairi la akiba, lile la zamani ambalo halikubadilishwa, akalichora alama ya chaki. Alimwambia Elida alisukume chini taratibu hadi alama igeuke mara moja kamili na kurudi ardhini, halafu wachore chaki sakafuni pale ilipogusa, wapime kwa futi ya kamba. Ilikuwa mita mbili na sentimita tano. Akafungua moja la matairi makubwa, wakafanya vile vile. Mita mbili na sentimita thelathini.

"Watu wanadhani mshale wa spidi unaiona barabara," Fundi Kassimu alisema. "Hauioni. Kazi yake ni kuhesabu gurudumu linavyozunguka. Gari hili lilipotengenezwa liliambiwa kila mzunguko ni huu mdogo. Ninyi mmelivalisha viatu vikubwa, hamkuliambia. Kila gurudumu likigeuka, mnakwenda mbele zaidi ya mshale unavyodhani."

Elida alitazama alama mbili za chaki sakafuni, moja imeipita nyingine kwa sentimita ishirini na tano. Ilikuwa nafasi ndogo, isiyozidi urefu wa daftari. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kichwa chake kilitulia. Hapakuwa na mchawi wala mwongo. Palikuwa na tairi.

Ijumaa Mzee Selestini alifika, mtu mfupi mwenye kofia ya kufumwa na fimbo nyembamba. "Shikamoo, Mzee," walimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba." Mwalimu Ummy alimweleza kila kitu, toka penseli hadi mawe ya kilomita hadi chaki ya Fundi Kassimu. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni alikohoa.

"Matairi niliyaleta mimi," alisema. "Niliona mashimo, sikumuuliza fundi. Kosa ni langu kabla halijawa la mtu mwingine." Akasukuma funguo mezani kuelekea kwa Honorata. "Chukua gari lako, mama."

Honorata hakuzishika. "Ahsante, Mzee. Lakini kwanza yarudishwe matairi ya kipimo chake, na kile kioo kibadilishwe, namba zisomeke. Mpaka hapo nitakwenda mshale ukiwa arobaini, hata nikichelewa kengele. Na ile notisi ya afande ni ya haki. Gari lilipita hamsini. Sitakwenda kubishana naye."

"Matairi yatakuja wiki ijayo," Mzee Selestini alisema. "Kioo kitabadilishwa kesho. Na notisi ni ya shule, si yako." Ndipo Honorata akachukua funguo.

Walipotoka nje wanafunzi walikuwa wameshajipanga kando ya basi. Honorata alimvuta Elida pembeni kidogo, kwenye baraza ya darasa la kwanza.

"Mama," Elida alimuuliza, "kwa hiyo ni nani aliyedanganya wiki hii?"

"Unataka nikuambie?" Honorata aliinama, macho yao yakawa sawa. "Mimi nilisema hamsini, nikakosea. Wewe uliona sitini, ukakosea. Lakini hayo yalikuwa makosa ya watu waliosema walichokiona, na makosa ya namna hiyo yanapimika. Mwalimu Ummy aliyashika, akayapima, akayanyoosha. Neno moja tu halikuweza kupimwa na mtu yeyote. Unalijua?"

Elida aliinamisha kichwa. "Sikuangalia."

"Hilo. Ulipoficha ulichoona Jumatatu ulidhani unanisaidia, kumbe ulikuwa umechukua kitu walichokihitaji ili wanisaidie. Ungeendelea kukaa kimya, leo ningekuwa sina kazi, na dereva mwingine angekuwa anawakimbiza wenzako kwa mshale ule ule." Alimwekea mkono begani. "Ukiona jambo, sema uliloliona, hata kama linamgusa mama yako. Sema na mahali ulipokaa ulipoliona. Na mwenzako akiona tofauti, usimwite mwongo kabla hujakaa kwenye kiti chake. Kisha kubalini wote kupimwa."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, twende. Wa Kibirizi wana njaa."

Siku ile walitembea polepole mno, mpaka mwendesha baiskeli mmoja mwenye mkungu wa chikichi akawapita kwenye mteremko, akageuka kuwacheka. Watoto walimzomea kwa furaha. Honorata hakuongeza mwendo.